Mama atakula baadaye: kina mama wa Lamu na jirani zetu, njooni tuzungumze

MamaWaLangoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum. Na kwa wasio Waislamu, hamjambo nyote.

Jambo hili nimekaa nalo siku 11. Usiku wa leo watoto wamelala mapema, mume wangu yuko baharini, mavyaa ameshasali isha na kujilaza. Basi naandika kabla unga haujaniita.

Binti yangu ana miaka 7. Alikuwa ukumbini na wenziwe wawili wakicheza kupikapika. Vifuniko vya chupa ndizo sahani, mchanga ndio wali, majani ya mrihani niliyoyatupa ndiyo mchuzi. Yeye ndiye mama. Akapakua: cha baba, cha kaka, cha mtoto, cha bibi, hata paka wa jirani akapata kifuniko chake. Mwenziwe akamwuliza, "Na chako?" Akajibu bila kuinua uso, huku akifuta sufuria kwa kidole: "Mama hali sasa. Mama atakula baadaye." Kisha akashika ncha ya leso, akajipangusa jasho ambalo halikuwepo, akashusha pumzi ndefu.

Ile pumzi ni yangu. Naijua kama ninavyoijua sauti yangu.

Kazi zangu nawaeleza ili mnielewe. Unga wa mahamri naukanda usiku, naufunika, saa kumi alfajiri niko nao kwenye kibao na mbaazi zinachemka upande wa pili. Kufika saa kumi na mbili na nusu wateja wako mlangoni na bakuli zao. Saa mbili kasoro niko chekechea, nafundisha mpaka saa saba. Nikitoka napitia sokoni kwa samaki, napika, alasiri watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, mimi nafua, namsomea mavyaa maandishi ya dawa zake maana macho yake hayawezi tena. Alhamisi natunga vikuba vya watu, asumini na mrihani, na mkadi ukipatikana, kwa ajili ya Ijumaa na harusi. Miaka sita natunga vikuba. Lililonijia usiku ule ni kwamba katika miaka yote sita sijajivika hata kimoja. Hakuna aliyenikataza. Nilisahau tu kwamba nami nina kifua cha kubandika ua.

Simsemi mume wangu vibaya, ni mtu wa heshima na anahangaika. Nauliza hivi: jina langu lilitoka lini katika hesabu ya wanaopakuliwa? Na ninyi wenzangu mnafanyaje? Msiniambie niende hotelini nikandwe kwa bei ya watalii. Nataka mambo yanayowezekana katika nyumba ya watu saba na choo kimoja.

Asumini_Mkomani

Nimesoma nimesimama jikoni. Nimetafuta kigoda nimeketi. Nitarudi.

DadaWaMambrui

Salamu kutoka Malindi upande wa Mambrui. Dada, mimi nakula nimesimama. Mwaka jana tulinunua meza na viti. Tuko saba nyumbani, viti vikaja sita. Na aliyekwenda kwa fundi kuagiza ni mimi mwenyewe! Nilihesabu watu wote kwa vidole nikafika sita, nikaridhika. Sikuligundua mpaka leo niliposoma habari ya vifuniko vya chupa.

Baharia_wa_Faza

Dada zangu, sina nia mbaya, nami nauliza kwa adabu. Mimi ni mvuvi. Nalala baharini siku tatu nne, mafuta ya mashine yamepanda, nikirudi mgongo hauinuki. Kuchoka si kwa mama peke yake. Mama zetu walizaa kumi, wakasuka ukili, wakateka maji, hawakusema neno. Na Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani wa Pate yetu hii hii, alimuusia binti yake amtumikie mume. Leo kila mtu ataka muda wake. Nyumba itaendeshwa na nani?

Asumini_Mkomani

Kaka Baharia, hawakusema, au hawakuulizwa?

BiMkubwa_Pate

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anabonyeza. Nina miaka 71. Nimezaa saba, sita wako hai, Alhamdulillahi.

Nilipozaa wa kwanza, mama na khalati hawakuniacha hata kugusa ndoo. Kila asubuhi mkunga alikuja kunikanda kwa maji ya moto mpaka maungo yakalegea. Nikafungwa mkaja tumboni. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, samaki wa kuchemsha. Chetezo kikaletwa nikajifukiza. Mtoto aliletwa kunyonya, akishiba akachukuliwa, nami nikalala. Na wageni wakibisha hodi walianza na mimi. "Mzazi hajambo?" Ndipo wakamtazama mtoto. Kwa siku arobaini nilikuwa mtu ambaye mwili wake una thamani mbele ya nyumba nzima.

Kisha ikaja siku ya 41. Mkunga hakuja. Mama akarudi kwake. Mume wangu akataka chai kama zamani. Nimeishi miaka hamsini na zaidi tangu siku ile, na nawaambia hakuna aliyenitayarisha kwayo. Hata mimi binti zangu sikuwatayarisha. Nasikitika kwa hilo.

Sasa kijana wa Faza. Mwanangu, nakuheshimu, baba yako namjua kwa mwendo wa maneno yako. Wasema bibi zetu hawakulalamika. Lakini bibi zetu hawakuwa wa namna moja. Kulikuwa na mwanamke wa nyumba ya mawe, anakaa ndani, anasingwa, anapakwa liwa ya kunukia, anatungiwa vikuba, mchana analala. Na kulikuwa na mwanamke aliyeteka yale maji ya kumuogesha, aliyetwanga, aliyemlea mtoto wa mwenziwe na wake mwenyewe akilia. Huyo hakuulizwa kama amechoka, alikuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu mwaka wa 1907. Bibi mzaa mama alikuwa mtoto mdogo, na aliyoyakumbuka alinisimulia. Sheria ilifuta utumwa, lakini maji bado yalitaka kutekwa na mahindi kutwangwa. Kazi yote ile ikaanguka mikononi mwa mama mmoja, na hakuna aliyekaa kitako na wenziwe akasema haya, tuigawe upya.

Na Mwana Kupona usimtaje nusu. Alitunga utendi ule yapata mwaka wa 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, na alitunga akiwa mgonjwa. Hakuishi sana baada yake. Alimwambia binti amtunze mume, ndiyo, na alimwambia pia ajitie manukato, ajipambe. Nami nakuuliza wewe uliyelala baharini: mke anayelala saa sita na kuamka saa kumi, atajipamba saa ngapi? Ukitaka wosia ule utimie nyumbani kwako, kateke maji.

Asumini_Mkomani

Bi Mkubwa, Mungu akupe umri. Huyo mjukuu naye apewe chai.

DadaWaMambrui

Hiyo siku ya 41 imenifanya nilie. Kwa mtoto wangu wa pili nilianza kuwapikia wageni waliokuja kunitazama siku ile ile ya arobaini.

Muuguzi_Mstaafu_Malindi

Naomba kuingia hapa kwa sababu ya yale niliyoyaona wodini. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 28, mingi kati yake upande wa wazazi.

Kuna uchovu unaotibiwa kwa usingizi na chakula, na kuna ule usiotibiwa hivyo. Mama akijifungua, siku za mwanzo machozi huja bila sababu, moyo unapanda na kushuka. Hilo ni la kawaida na kwa wengi hupita ndani ya wiki mbili. Lakini wiki mbili zikipita na bado hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya kula, hafurahii chochote, anajiona hafai, au anamtazama mtoto kama wa mtu mwingine, hiyo ni sonona ya baada ya uzazi. Ni maradhi. Yanatibika. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, sonona ikiwa mbele, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu asilimia 20. Maana yake ni mama mmoja kati ya watano. Tazama safu ya sala ya wanawake siku ya Idi, kisha hesabu.

Huku kwetu wapo wanaosema ni pepo. Dua isomwe, sina neno, na kliniki iendewe vilevile. Na mama akianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Jambo la pili ni dogo lakini naliona linapotea. Mtoto akizaliwa anapewa kijitabu cha kliniki, na mama zetu wanakishika vizuri sana. Chanjo za wiki 6, 10 na 14, miezi 9, mwaka na nusu, zote zimejazwa. Kurasa za mama mwenyewe baada ya wiki ya sita ni nyeupe. Nimeviona vijitabu vingi vya namna hiyo. Basi siku hiyo hiyo ya chanjo, umeshapanga foleni, umeshapoteza asubuhi, mwambie muuguzi: nipime na mimi presha, nitazame na mimi damu. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kutafuna barafu au udongo, mara nyingi ni damu kidogo, na dawa yake ni rahisi. Na walio kati ya miaka 25 na 49, ulizeni uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mama anayempeleka mtoto kliniki mara tano bila kukosa anaweza kwenda mara moja kwa ajili yake.

MamaWaLangoni

Shukran sana, Sista. Nilikuwa natafuna barafu za duka la jirani miezi minne. Nilidhani ni joto.

Muuguzi_Mstaafu_Malindi

Nenda wiki hii, mwanangu. Usingoje chanjo.

BintiWaGarsen

Mimi nasoma tu humu, siandikagi. Leo naandika.

Mimi ndiye msichana wa kazi. Nafanya kazi nyumba moja hapa Lamu, sitaji mtaa. Mama mwenye nyumba ni mwalimu, anachoka kweli, namuona. Amejiunga na wenzake, Jumamosi wanakwenda kutembea na kuongea mambo ya kujitunza. Akiondoka mimi ndiye nabaki na watoto watatu. Nina mtoto wangu wa miaka miwili na nusu, yuko Garsen kwa mama yangu. Sijamuona tangu mwezi wa Ramadhani. Akiongea kwenye simu ananiita dada.

Sisemi mama huyu ni mbaya, ananipa chakula kizuri na hanitukani. Nilitaka tu mjue mama wengine mko nao jikoni kwenu.

DadaWaMambrui

Binti yangu, nimesoma mara tatu.

Asumini_Mkomani

Hapa mimi ndiye niliyeguswa, na nitasema mbele ya watu. Nina msichana wa kazi, mwaka wa pili sasa. Jumapili nampa mapumziko kuanzia saa nane mchana, na magharibi awe amerudi. Nilijiona mkarimu. Jana nilikaa nikahesabu: saa nne kwa wiki. Nami hulia kwamba sina hata saa moja yangu. Nimezungumza naye. Kuanzia wiki hii Jumapili nzima ni yake, na mwisho wa mwezi ataondoka Ijumaa arudi Jumatatu, nauli juu yangu. Mume amenuna. Atazoea.

KaraniMalindi

Asumini, hilo si ukarimu, ni haki yake. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Malindi, si wakili, lakini sheria hizi nazichapa kila siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na msichana wa nyumbani ni mfanyakazi kama mwingine. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mama wa mahamri, mama wa ukili, mama wa genge, hao hawana mwajiri wa kuwapa likizo, ndiyo maana ile arobaini ya Bi Mkubwa ni ya thamani kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo likizo yao pekee.

Na kwa wanaodhani kazi ya nyumbani haihesabiki: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inautaja mchango usio wa pesa, yaani kupika, kulea, kuendesha nyumba, kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa Waislamu sheria hiyo inaruhusu mambo haya yafuate sheria ya Kiislamu, kwa hiyo ukiwa na jambo lako muulize anayejua pande zote mbili, usisikilize maneno ya barazani. Takwimu za taifa nazo zilipohesabu saa za watu mwaka 2021 zilikuta mwanamke wa Kenya anatumia muda karibu mara tano ya mwanamume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa.

MwalimuWaChuo

Baharia alitutajia wosia, nami naleta kisa. Nafundisha wasichana chuoni miaka mingi, na kisa hiki husomwa zaidi kwa habari ya ibada, mwanzo wake unapitwa haraka. Naomba tuusimamie huo mwanzo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha udugu Salmani na Abu Dardaa. Siku moja Salmani akaenda kumzuru nduguye. Akamkuta Ummu Dardaa, mke wa nyumba, amevaa nguo kuukuu, amejiacha. Akamwuliza, una nini wewe? Akajibu kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Mume alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salmani akakataa kula mpaka Abu Dardaa afungue ale naye. Usiku akamzuia: lala. Mwisho wa usiku ndipo akamwamsha wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa akasema Salmani amesema kweli.

Tazameni kisa kimeanzia wapi. Kimeanzia kwa mwanamke aliyejiacha, na mgeni mmoja aliyeona, akauliza. Ummu Dardaa hakulalamika kwa mtu. Aliulizwa. Nawaambia wanafunzi wangu, mkiingia nyumba ya mtu mtazame mama kwanza. Na bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake mpaka wakati wa sala ukiingia. Wanaume wa barazani hilo hawalisimulii mara nyingi.

MamaPekeYake_Mpeketoni

Mimi niko bara, Mpeketoni, Mkristo, lakini uzi huu umenishika. Wengi humu mnazungumzia mume akubali au asikubali. Mimi sina wa kuuliza. Nina watoto wawili, shamba la ekari moja na kibanda cha mboga.

Kilichonisaidia ni jirani. Naye yuko peke yake. Tulikubaliana: Jumatano watoto wake wanakuja kwangu tangu watoke shule mpaka walale, Ijumaa wangu wanakwenda kwake. Hatulipani. Kila mmoja ana jioni moja nyumba ikiwa kimya. Mara ya kwanza nilipobaki peke yangu niliogopa, kimya kile kilinileta mawazo yote niliyoyakimbia. Niliosha nywele, nikakaa mlangoni, nikalia vizuri. Wiki ya nne ndiyo nilianza kufurahia. Kwa hiyo wenzangu, mara ya kwanza isipowapendeza msidhani mmekosea.

Na pesa: katika mauzo ya kila siku natoa shilingi 50 kabla sijahesabu chochote. Siku sita, shilingi 300 kwa wiki. Haiguswi kwa kitabu cha mtoto wala kwa unga. Ni yangu. Mwanzoni nilijiona mwizi.

Baharia_wa_Faza

Nimerudi kutoka baharini, nimeyakuta yote haya. Bi Mkubwa, shikamoo. Umenigonga na nimesikia.

Bado nasema wanaume pia wanachoka na hakuna anayetuuliza. Lakini nifanye insafu. Jana saa kumi jioni nilimwuliza mke wangu, leo umekula nini? Akafikiri. Akasema, "Chai." Nikamwuliza na jana? Akasema sikumbuki, kwa nini waniuliza, kuna nini? Alidhani nimeleta habari ya msiba. Miaka tisa ya ndoa, swali lile lilimtisha kwa ugeni wake.

Nimempikia wali wa nazi. Haukuwa mzuri. Ameula.

BiMkubwa_Pate

Marahaba mwanangu. Tui la kwanza ulilitia mwisho au mwanzo?

Baharia_wa_Faza

Mwanzo, Bi.

BiMkubwa_Pate

Ndiyo sababu. Anza na lile jepesi. Lile zito ungoje wali ukaribie kukauka. Na kuchoka kwenu wanaume nakujua, nimemzika mvuvi. Sema naye. Yeye aseme nawe.

MamaWaLangoni

Wiki tatu na siku kadhaa zimepita, nawaletea habari.

Kliniki nimekwenda. Damu ni kidogo kweli. Nimepewa vidonge vya madini ya chuma, na muuguzi ameniambia nisivinywe pamoja na chai. Barafu nimeacha, haja yenyewe imekwisha.

Na mume wangu nimesema naye. Nilimngoja ale, anywe kahawa, mama yake aende kusali. Nikamwambia nataka kukuomba jambo, wala si pesa. Kila Jumanne, tangu alasiri mpaka magharibi, sitakuwa mke wala mama wala mkwe wa mtu. Nitakuwa kwa mama yangu Mkomani, au nitatembea pwani. Nimechagua Jumanne kwa kuwa Alhamisi ni ya vikuba. Akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamwambia hukunikosea, nimechoka. Akanyamaza. Alinyamaza siku mbili, na mimi tumbo likaniuma siku mbili. Nilikaribia kwenda kumwambia basi, yaishe. Wenzangu, sehemu hii hakuna anayeisimulia: kukaa na ombi lako bila kulirudisha.

Jumanne ikafika. Kabla ya alasiri akaja kutoka gatini na changu wawili, wameshaparwa magamba na kupasuliwa. Hajawahi kufanya hivyo. Akampa mama yake, akawashika watoto mkono, wakaenda Mkunguni kutazama bao. Kwangu mimi hakusema kitu.

Nilipofika kwa mama sikujua la kufanya. Niliona sinia la mchele nikalivuta nianze kuchambua. Mama akalichukua. Akaninusa kichwani, akasema nywele zako zanuka mafuta ya kukaangia. Akanipaka mafuta ya nazi, akanisuka, mikono yake ile ile ya zamani. Nililala mpaka adhana ya magharibi. Nina miaka 34, na sikumbuki mara ya mwisho kuguswa na mtu asiyetaka kitu kwangu.

Jumanne ya pili mtoto wa mwisho alikuwa na homa, sikutoka. Nilikasirika, kisha nikajiona mbaya kwa kukasirika. Hilo nalo naliacha hapa lilivyo.

Jumanne ya tatu nilielekea Shela kwa miguu, njia ya pwani. Sikufika. Maji yalikuwa yanajaa, nikarudi na pindo za buibui zimelowa mpaka magotini.

Nyumbani nimebadilisha jambo moja tu. Nikipakua, sahani ya kwanza ni yangu. Sianzi kula kabla ya watu, naifunika kwa kawa naiweka kando, wanaobaki wanagawana kilichobaki. Siku ya kwanza binti yangu aliinua kawa akachungulia, akauliza hii ya nani. Nikamwambia yangu. Akaifunika tena taratibu, kama anayefunika kitu kinacholala.

DadaWaMambrui

Kiti cha saba nimekiagiza. Fundi amesema Jumamosi.

BintiWaGarsen

Nami nina habari. Mama mwenye nyumba amesoma uzi huu. Sijui alijuaje ni mimi. Ameniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Mwaka na miezi nimekaa kwake, ndiyo mara ya kwanza. Nakwenda Garsen wiki ijayo siku nne.

Muuguzi_Mstaafu_Malindi

Mnyonyeshe macho, binti yangu. Na mtoto akikukimbia siku ya kwanza usivunjike moyo, watoto hufanya hivyo. Keti chini alipo, usimvute. Atakuja.

BiMkubwa_Pate

Nakuja Lamu mwezi ujao kwa mwanangu, nitakaa wiki mbili. Mnaotaka, nitawafundisha kutwanga singo ya kusugulia mwili na kusaga liwa kwenye jiwe, maana mnanunua za dukani zilizochanganywa sijui na nini. Si kwa maharusi. Ni ya kupakana ninyi kwa ninyi. Aje kila mtu na leso yake kuukuu, liwa hutia doa. Mwenye mtoto mchanga aje naye, tutampokezana. Na mwenye msichana wa kazi aje naye, naye apakwe.

MamaWaLangoni

Ukumbi wangu upo, Bi. Jumanne. Na tukimaliza tuwahi kutembea hadi Shela sote, safari hii nataka kufika.

Asumini_Mkomani

Maji siku hiyo yanajaa saa ngapi?

MamaWaLangoni

Nitamwuliza mume wangu, nitaandika hapa.

Baharia_wa_Faza

Ni siku za bamvua hizo, dada, maji hujaa sana. Msitoke kabla maji hayajaanza kupwa.